Damu ya Kikwit, labo ya Kinshasa, dawa ya dunia: INRB ilifikaje huko?



Mtu akisema "uvumbuzi wa afya", wengi wetu tunafikiri mara moja Marekani, Ulaya ao China. Njo kule mashini zinatoka, njo kule dawa zinatoka. Lakini moja kati ya dawa mbili ambazo OMS inashauri kwa kutunza Ebola ya aina ya Zaire ilianzia ndani ya damu ya mtu aliyepona Kikwit, na njia yake ilipita Kinshasa, kwa INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa biolojia na tiba. Tuangalie namna labo ya kwetu inaweza kufika mbali hivyo, na pia kitu gani bado kinatuponyoka.

Mwanzo: damu inaenda, jina linabaki kule

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu Yambuku, jimbo la Équateur la wakati ule. Munganga Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma Lovanium kisha Leuven, alitumwa kule kuangalia. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwepo. Alirudi Kinshasa na mtawa mmoja mgonjwa, na damu ya mtawa ikatumwa Antwerp, Ubelgiji. Virusi vilionekana katika labo za ngambo, na kwa miaka mingi historia ya ugunduzi huo ilisimuliwa kwa majina ya wageni. Kwetu hakukuwa na labo ya kuangalia damu ile. Sampuli ikitoka, na elimu inatoka nayo.

INRB ilianzishwa mwaka 1984. Muyembe alikuja kuiongoza baadaye.

Kikwit 1995: wazo ambalo wengi walikataa

Ebola ilirudi Kikwit mwaka 1995. Watu 315 walipatwa, karibu 250 wakafa. Muyembe na wenzake walijaribu kitu: walichukua damu ya watu waliopona, wakawapa wagonjwa 8. Kati yao 7 wakapona. Wazo ni rahisi kuelewa: mwili wa aliyepona umekwisha kutengeneza antikorpi, yaani askari wanaokijua kirusi, na askari hao wanaweza kumusaidia mwingine.

Wanasayansi wengi wa ngambo hawakuamini. Na tuseme ukweli, walikuwa na sababu: wagonjwa 8 ni wachache, tena hakukuwa kikundi kingine cha kulinganisha. Pengine wale 7 wangepona hata bila damu ile. Ila Muyembe hakuliacha wazo lake. Miaka 11 kisha, damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilifika kwa watafiti wa serikali ya Marekani walioshirikiana na INRB. Humo walitoa antikorpi moja yenye nguvu, wakaiita mAb114.

"Pamoja Tulinde Maisha"

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Mpaka inaisha, Juni 2020, ilikuwa imepata watu 3.470 na kuua 2.287. Katikati ya vita na hofu, INRB na wenzake wa Marekani walianza jaribio la kulinganisha dawa nne, Novemba 2018. Jaribio liliitwa PALM, kifupi cha maneno ya Kiswahili chetu: Pamoja Tulinde Maisha.

Kila mgonjwa aliyekubali alipewa moja ya dawa hizo kwa bahati nasibu, kusudi kusiwe upendeleo. Hiki njo kilichokosekana Kikwit. Kazi ilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Jaribio likaendelea hata hivyo. Agosti 2019 lilisimamishwa mapema, juu dawa mbili zilikuwa zimeonekana wazi kuwa bora. Kwa waliopewa mAb114, karibu 35 kwa 100 walikufa. Kwa ZMapp, dawa iliyotumiwa kama kipimo, walikufa karibu 50 kwa 100. Waliopewa mAb114 wakiwa na virusi kidogo, walikufa karibu 1 kati ya 10 tu. Kwa hiyo kuwahi kituo kulikuwa na maana kubwa.

Matokeo yalitoka katika jarida kubwa la tiba la Marekani. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi: Sabue Mulangu, Mukongomani. Linganisha na 1976.

Kisha mpox

Labo iliyojifunza kwa Ebola haikulala. INRB imefungua tawi Goma, na vijana wake wanasoma wao wenyewe maandishi ya ndani ya kirusi, yaani jenomu. Mpox ilipoenea Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, timu za Kikongomani njo zilisaidia kuonyesha kuwa ni tawi jipya la kirusi, na walishirikisha dunia habari hizo. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hatari ya kimataifa. Wakati Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na hata Sweden zilipopata wagonjwa, elimu ya kwanza juu ya tawi hilo ilikuwa imetoka kwetu.

Kitu kinachobaki kigumu

Tusipige makofi tu. Antikorpi ya Kikwit leo inaitwa Ebanga. Serikali ya Marekani iliikubali Desemba 2020, na haki ya kuitengeneza na kuiuza ilipewa kampuni moja ya Miami. Sisi tulileta damu, wagonjwa, waganga na nchi ya kujaribia, lakini kiwanda hatuna. Mlipuko ukitokea, dawa lazima itoke ngambo. Pesa nyingi za utafiti pia zinatoka nje. Jengo jipya la INRB Kinshasa lilijengwa kwa musaada wa Japani. Mwenye kulipa anaweza pia kuchagua swali la kutafuta.

Hapo njo naona nafasi yetu, hata kwa wale ambao hawakusoma tiba. Mkataba wa sampuli unahitaji mwanasheria wa kuuliza: damu hii ni ya nani, na faida itarudije kwa watu wa Kikwit ao Kamituga? Jenomu zinahitaji watu wa informatiki. Kuhifadhi dawa kwenye baridi kunahitaji mainjinia wa umeme. Kumweleza mama wa Beni, kwa luga yake, kwa nini tunaomba damu yake, kunahitaji mtu aliyesoma jamii na luga. Bila yeye, vituo vinachomwa.

Kama unatafuta somo la memwari yako mwaka huu, chukua moja kati ya hayo. Na mwenye kufanya stage kwenye labo ao kituo cha afya, uliza swali hili siku ya kwanza: sampuli hizi zinaenda wapi, na matokeo yanarudi kwa nani? Kisha uje utuambie hapa.