Nani ni Nani katika Filamu ya Amin

Ukiitazama tena Rise and Fall of Idi Amin, ile filamu ya mwaka 1981 iliyozunguka sana kwa kanda za video Afrika Mashariki, mwangalie vizuri Mzungu anayekamatwa kwa kumwandika Amin vibaya. Yule haigizi mtu mwingine. Ni Denis Hills mwenyewe, mwalimu Mwingereza aliyekuwa Kampala, ambaye Juni 1975 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo kwa sababu ya mswada wa kitabu uliomwita Amin, rais wa Uganda wakati huo, dikteta wa kijijini. Miaka michache baadaye akasimama mbele ya kamera, akakamatwa upya.

Mwongozaji Sharad Patel aliipiga filamu hiyo Kenya, muda si mrefu baada ya Amin kung'olewa Aprili 1979. Joseph Olita, Mkenya wa Siaya, ndiye aliyevaa magwanda na medali. Alifanana na Amin kiasi kwamba akaitwa kumwigiza tena katika Mississippi Masala ya mwaka 1991. Wengi lakini hawakumbuki jina lake. Wanakumbuka jokofu lenye vichwa vya watu. Filamu imejaa damu, kelele na wazimu, na kwa kuwa baadhi ya watu waliomo ni wa kweli, mtazamaji humeza na jokofu pia.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Ushahidi, uvumi na vionjo vya mtunzi vimepikwa chungu kimoja. Isaac Maliyamungu, Mkakwa aliyewahi kulinda lango la kiwanda cha nguo Jinja kabla ya kuwa ofisa wa kuogopwa, alikuwapo. Bob Astles, Mwingereza aliyejipendekeza Ikulu, alikuwapo. Kuhusu kula nyama ya mtu, tulicho nacho ni maneno: Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya, aliandika katika A State of Blood, kitabu cha mwaka 1977, kwamba Amin alijigamba kuwa ameila. Majigambo ya mtu aliyependa kuwatisha mawaziri wake si jokofu. Mark Leopold, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Arua na kuandika Inside West Nile, kisha wasifu wa Amin uliotoka 2020, anaonyesha jinsi hadithi nyingi za aina hii zinavyonukuliwa kitabu hadi kitabu bila shahidi kupatikana. Mauaji ya utawala ule yana mashahidi tele, na hayahitaji kukolezwa.

Tumfuate Hills hadi West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda lenye Arua na Koboko, maana kisa chake kinapitia huko. Malkia Elizabeth alimtuma Luteni Jenerali Chandos Blair kwenda kumwombea msamaha, akifuatana na Meja Iain Grahame. Wote wawili walikuwa maofisa wa Amin enzi za jeshi la kikoloni, King's African Rifles. Amin aliwapokea kwao West Nile, ndani ya nyumba ya nyasi yenye mlango mfupi, na jenerali akalazimika kuinama ili aingie. Magazeti ya Ulaya yaliona fedheha. Mtu wa Koboko angeshangaa nini? Nyumba ya msonge huingiwa hivyo, mgeni na mwenyeji. Ila Amin alijua vizuri picha ile itasomwaje London, na ujanja huo filamu nyingi humnyima kwa kumfanya jitu lisilo na akili. Blair aliondoka mikono mitupu. Hills aliachiwa Julai, baada ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, James Callaghan, kufika mwenyewe.

Wa Arua aliyeumia zaidi mikononi mwa watunzi ni Kay Adroa. Alikuwa Mlugbara, binti wa mchungaji wa Kianglikana, msomi wa Makerere, aliyeolewa na Amin mwaka 1966 na kupewa talaka Machi 1974. Agosti mwaka huo mwili wake ulikutwa umekatwa viungo, ndani ya gari la Dkt. Peter Mbalu Mukasa, ambaye alijiua. Kwa maelezo ya Kyemba, alikufa katika jaribio la kutoa mimba, na viungo vikashonwa katika hospitali ya Mulago ili watoto wapate kumwona mama yao. Katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, viungo hivyo vimeshonwa kinyume, na nafasi ya daktari Mganda amepewa kijana wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwako. Sioni udhuru wa hilo.

Hadithi za wazimu wa West Nile hazikuanza na Amin. Mwanzoni mwa karne iliyopita Rembe, nabii wa Kikakwa, aligawa maji ya Yakan, yaliyochanganywa na mmea uitwao kamiojo. Waliokunywa waliamini risasi haitawadhuru, nao wakoloni waliandika juu ya watu waliopagawa kwa dawa. Rembe alinyongwa Yei, Sudan, mwaka 1917. Miaka miwili baadaye kulizuka uasi, ukazimwa kwa silaha. Katika taarifa za kikoloni dawa ilichukua nafasi kubwa kuliko kodi na magonjwa ya mlipuko, mambo yaliyowasukuma watu kwa Rembe. Amin alipotawala, waandishi wa nje walizirudia hadithi hizo kana kwamba wendawazimu unarithiwa kwa wilaya.

Wasioonekana kabisa katika filamu ya Patel ni majirani wa Amin. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka na kuingia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, UNLA, liliporudi lililipiza kisasi kwa raia: nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Juni 24, 1981, mwaka uleule wa filamu, askari wa jeshi hilo waliwaua makumi ya watu waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua. Wengi wao hawakuwahi kula hata sahani moja Ikulu. Hatia yao ilikuwa kutoka upande aliotoka mtu wa kwenye bango la sinema.