Makarani Wawili, Daftari Moja

Juma hili napenda kujibu swali la msikilizaji mmoja ambaye ni fundi wa kompyuta. Anayo mashine kuukuu ya miaka ya 1990 yenye prosesa mbili, naye anauliza: mbona kazi haiendi mara mbili ya mashine yenye prosesa moja? Je, ameuziwa kitu kibovu?

Huenda mashine yake ni nzima kabisa. Hebu tuchukue mfano wa duka la jumla lenye makarani wawili na daftari moja. Daftari linaonyesha magunia 100 ya sukari. Karani wa kwanza anauza gunia moja. Anasoma 100, anatoa 1 kichwani. Kabla hajaandika, mwenzake naye anauza gunia na kusoma 100 ile ile. Wa kwanza anaandika 99, wa pili naye anaandika 99. Magunia mawili yametoka, daftari linasema limetoka moja. Jioni mwenye duka anamtafuta mwizi ambaye hayupo.

Prosesa mbili zinazotumia kumbukumbu moja hukosana vivyo hivyo. Dawa yake ni tendo lisilogawanyika, ambalo wataalamu huliita tendo la kiatomu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisichokatika. Kusoma, kubadili na kuandika hufanywa kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kuingia katikati.

Hili si jambo la mzaha. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyozidi kipimo mno, na baadhi yao walikufa. Pamoja na makosa mengine, ilionekana kwamba sehemu za programu yake, zilizokuwa zikipokezana prosesa moja, zilisoma na kubadili kumbukumbu ile ile bila kinga hiyo.

Lakini kinga ina bei yake. Prosesa za Intel, yaani 486 ya mwaka 1989 na Pentium ya 1993, zilipotaka kufanya tendo la namna hii zilifunga njia nzima iendayo kwenye kumbukumbu. Prosesa moja ikirekebisha tarakimu moja, nyingine yenye haja na njia hiyo husubiri, hata kama inatafuta ukurasa mwingine kabisa. Ni sawa na kufunga barabara nzima ili mtu mmoja avuke.

Pentium Pro ya 1995 ilileta nafuu. Kila prosesa ina akiba ndogo ya kumbukumbu iliyo karibu nayo. Tarakimu inayotakiwa ikiwa imo humo, prosesa huishikilia papo hapo, na barabara hubaki wazi kwa wengine. Hata hivyo bei haikwisha. Pentium 4 ya mwaka 2000 ilipata mbio zake kwa kushughulikia amri nyingi kwa pamoja, na tendo lisilogawanyika liliilazimu ingoje kwanza maandishi yaliyo njiani yafike. Tendo moja liliweza kula zaidi ya mapigo 100 ya saa yake, hali kujumlisha kwa kawaida huchukua pigo moja au pungufu.

Ndiyo maana watengenezaji wa Linux, mwaka 2006, waliweka utaratibu wa kuondoa kufuli hilo pale mfumo unapokuta prosesa ni moja tu. Na Desemba 2012 waliacha kabisa kuihudumia 386 ya mwaka 1985, ambayo haina amri ya kulinganisha na kubadilisha kwa mkupuo mmoja. Kuibeba kulikuwa mzigo.

Basi, ndugu yangu fundi, usivunje kufuli kwa kutafuta mbio. Utakuja kutafuta mwizi asiyekuwapo. Itazame programu. Bora kila karani apewe daftari lake, na hesabu zijumlishwe jioni. Kufuli likiguswa mara moja kwa siku, hakuna atakayeiona gharama. Likiguswa kwa kila gunia, karani wa pili atakula mshahara akiwa amesimama foleni.