Antena ya Waya: Pimo, Kimo na Kiungo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwa nini milima ya Usambara, inayoziba FM, haiyazuii masafa mafupi: mawimbi yake hupanda kilomita 200 hadi 400 angani, yakarudishwa chini mbali sana. Leo tushike waya.

Redio za zamani zimeandikwa mita 25, mita 31, mita 41. Huo ni urefu wa wimbi lenyewe. Antena inayolishika vizuri ni ya nusu yake, pungufu kidogo. Gawa 143 kwa megahezi. Chukua 11.735, masafa yaliyoipeleka redio ya Zanzibar hadi kwa wasikilizaji wa Ulaya: unapata mita 12.2, yaani, waya ukikatwa katikati, mita 6.1 kila mkono. Ongeza kiganja kimoja cha kufungia kila ncha. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumbani unatosha, na ganda lake halidhuru.

Waya huu husikia zaidi kwa ubavu kuliko kwa ncha. Anayetaka Ulaya, iliyo kaskazini yetu, autandaze mashariki kwa magharibi. Aliye Korogwe aelekeze ncha moja Tanga mjini.

Mlingoti tunao shambani. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai, ukikaribia kufa huchomoza mti mrefu, mwepesi, ulionyooka. Ukaushe, uusimamishe. Handeni wengi watatumia mwembe, lakini mwembe huyumba na upepo: usifunge kamba kwenye tawi, ipitishe juu yake na uning'inize jiwe mwishoni, lipande na kushuka. Kamba iwe ya nailoni. Mimi nilianza na ya katani, kwa kuwa ndiyo ya kwetu. Mvua na jua viliila, ikakatika usiku. Kati ya kamba na waya weka kipande cha bomba la plastiki chenye matundu mawili.

Kazi kubwa iko kwenye kiungo cha katikati. Hapo antena ina ukinzani wa takriban omu 73, na kebo ya dishi la televisheni, itakayoshuka hadi redioni, ni ya omu 75, kwa hiyo zinapatana. Shaba ya ndani iende mkono mmoja, wavu wa nje mkono wa pili. Angalia wavu kwa makini: mara nyingi ni alumini, na risasi ya kulehemu haiishiki, ubane kwa skrubu. Kisha ziba kila kitu kwa silikoni. Maji yakipenya, shaba hugeuka kijani na sauti hufifia siku hadi siku, nawe unailaumu redio.

Waya uwe mbali na nyumba, na usipite kabisa juu wala chini ya nyaya za umeme za TANESCO. Chaja za simu, taa za LED na vifaa vya sola hutoa mkoromo unaofunika vituo dhaifu. Ndiyo maana kijiji kisicho na umeme ni mahali pazuri mno pa kusikilizia. Kurusha sauti ni jambo jingine: kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na alama za vituo vya ridhaa nchini huanza na 5H.

Radi ikianza kunguruma, usiguse kebo. Ichomoe mapema, mawingu yakiwa bado mbali, uiache nje ya dirisha.