Kutoka Picha za Jiji hadi Mji wa Kanga: Ushirikiano wa Wanafunzi katika Usanifu wa Nguo

Makala hii inafafanua namna wanafunzi wa fani mbili, yaani upigaji picha na usanifu wa nguo, wanavyoweza kushirikiana kubuni kanga kutokana na picha za jiji. Hoja kuu ni kwamba ushirikiano huo hauna budi kuanza kabla ya picha kupigwa. Ukianza baadaye, mpiga picha hubaki kuwa mleta malighafi tu.

Kanga ina sehemu tatu: pindo, ambalo ni ukingo unaozunguka pande zote nne, mji, ambao ni uwanja wa kati, na jina, ambalo ni maneno yanayochapwa sehemu ya chini ya mji. Istilahi ya mji si ya kupuuzwa. Anayetwaa taswira ya jiji na kuiweka katika kanga anauhamishia mji mmoja ndani ya mji mwingine wenye kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni ya umbo. Kanga huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110, na hutazamwa ikiwa imelala. Hivyo picha iliyosimama wima haiuenei uwanja huo. Kanuni ya pili ni ya mwili. Kanga inapovaliwa hukunjwa na kufungwa, na taswira moja kubwa ya katikati hukatika, ilhali umbo linalorudiwarudiwa huendelea kutambulika. Kanuni ya tatu ni ya rangi. Katika uchapaji wa skrini, kila rangi huhitaji skrini yake. Kwa sababu hiyo, vivuli vingi vya picha hupunguzwa hadi rangi chache zisizofifia wala kuchanganyika.

Tuchukue mfano wa Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Paa lake limeundwa kwa miavuli ya zege iliyopangwa kwa safu. Picha ya jengo zima pamoja na umati ulio mbele yake inaweza kuwa picha nzuri, lakini ikigeuzwa kuwa chapa huwa vurugu. Mpiga picha aliyekwisha kushauriana na msanifu atautafuta mwavuli mmoja wakati jua limeinama, nuru inapoutenga waziwazi upande mweupe na upande wa kivuli. Msanifu aliyefuatana naye sokoni ataelewa ni mstari upi ubaki na upi uachwe.

Jina nalo huhitaji maafikiano. Soko hilo liliungua Julai 2021. Umbo lilelile la paa linaweza kusomeka kama sifa au kama maombolezo, na maneno ya kanga ndiyo yanayouelekeza usomaji huo. Kumwachia mmoja uamuzi wa jina ni kumwachia maana ya kazi nzima.

Suala zito zaidi linawahusu watu wanaoonekana pichani. Kanga zenye sura za viongozi zimezoeleka. Hata hivyo, mchuuzi aliyekubali kupigwa picha hajakubali kwa hilo sura yake ichapwe katika nguo itakayofungwa kiunoni, itakayombeba mtoto mgongoni na, ikichakaa, itakayopangusia meza. Ridhaa ya picha na ridhaa ya nguo ni mambo mawili, na kila moja inapaswa kuombwa peke yake. Isipopatikana, sura iachwe. Kapu au mkokoteni waweza kutosha kulisimulia soko.

Mwisho ni suala la umiliki na tathmini. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za picha na pia kazi za sanaa tumizi. Kwa hiyo kila mshirika ana dai lake, na makubaliano ya maandishi yafanywe kabla kitambaa hakijachapwa. Aidha, inapendekezwa kwamba washirika watunze daftari moja linaloonyesha kila rasimu, nani aliibadili na kwa sababu gani. Kanga iliyokamilika haimwonyeshi mtahini mkono wa nani uliamua nini. Bila daftari hilo, alama humwendea aliyeshika kitambaa mwishoni, na aliyeliona umbo kwanza hukosa haki yake.