Pampu ya Maziwa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Likizo ya uzazi ina mwisho wake. Siku hiyo inapokaribia, mama aliyeajiriwa, awe karani, mwalimu, muuguzi, askari polisi au mwanajeshi, huanza kuhesabu majuma, na moyoni huwa na swali moja: mtoto atakula nini nitakapokuwa kazini? Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, swali hili limo katika nyumba nyingi, kwani wako akina mama wengi watokao huko kila alfajiri kwenda kazini mjini, na kurudi jua linapoelekea kutua nyuma ya milima ya Kongo.

Jibu wanalopewa na wenzao siku hizi ni fupi: "Nunua pampu ya umeme." Katika famasi zetu chombo hicho huitwa kwa Kifaransa tire-lait. Wengine huletewa na jamaa walioko Ulaya, au na mume aliyekuwa safarini kikazi. Ni chombo chenye manufaa, wala hatuna nia ya kukibeza. Lakini bei yake si ndogo, na fedha ya nyumba ikishatoka hairudi. Kwa hiyo yafaa mama na baba waketi pamoja, wapime kwanza haja yao, kisha ndipo waende dukani.

Kwa nini tujisumbue?

Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila maji wala uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikie miaka 2 au zaidi. Sababu yake yaeleweka hasa na sisi wakazi wa Bujumbura. Maziwa ya kopo huhitaji maji safi yaliyochemshwa, chombo safi na kipimo sahihi kila mara. Mojawapo ya hayo likikosekana, mtoto huharisha. Itakumbukwa kwamba tarehe 1 Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu katika jiji hili. Maziwa ya mama hayahitaji maji ya bomba wala ya mto, na tena yana kinga ndani yake.

Jambo la pili ni kwamba titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa maziwa. Titi likikaa limejaa kutwa nzima, mwili hupokea habari kwamba maziwa hayatakiwi tena, nayo hupungua siku kwa siku. Ndiyo maana mama arudiye kazini asiyekamua hujikuta, baada ya majuma machache, akisema, "Maziwa yamenikauka." Hayakukauka kwa bahati mbaya; yalikosa kuitwa. Kukamua basi kuna faida mbili: kumwekea mtoto chakula cha kesho, na kuuambia mwili usiache kazi yake.

Chombo hiki kilitoka wapi?

Pampu za kuvuta maziwa si ngeni duniani. Katika miaka ya 1920 Edward Lasker, mhandisi wa Marekani aliyejulikana zaidi kwa uhodari wake katika mchezo wa sataranji, alibuni pampu ya umeme. Mwaka 1956 mhandisi wa Uswidi, Einar Egnell, alitoa pampu iliyotokana na uchunguzi wake juu ya nguvu ya kuvuta isiyomwumiza mama. Kwa miaka mingi mashine za namna hiyo zilikuwa kubwa na nzito, nazo zilikaa hospitalini kwa ajili ya watoto njiti na wagonjwa. Ni mwaka 1991 tu ambapo kampuni ya Medela ya Uswisi ilileta pampu ya umeme kwa matumizi ya nyumbani. Tangu hapo zimeenea, na leo ziko hata ndogo zinazovaliwa ndani ya sidiria.

Mkono ni pampu ya kwanza

Kabla ya kutaja mashine yoyote, hatuna budi kuutaja mkono. Kila mama afundishwe kukamua kwa mkono kabla ya kutoka wodini, kwani ni njia isiyo na gharama, isiyongoja umeme, na katika siku za mwanzo hutoa ile dang'a nzito ya manjano vizuri kuliko mashine.

Mama anawe mikono kwa sabuni, akae mahali patulivu, alisugue titi polepole. Aweke kidole gumba juu ya chuchu na vidole vingine chini yake, umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kwenye chuchu. Asukume kwanza kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia, abane na kuachia, bila kuteleza juu ya ngozi na bila kuivuta chuchu. Mwanzoni huenda lisitoke tone, asikate tamaa. Titi moja dakika 3 hadi 5, kisha la pili, halafu arudie, huku akizungusha vidole ili sehemu zote zitoke. Kazi yote huchukua dakika 20 hadi 30. Ikiuma, namna si sahihi. Amwombe muuguzi amwonyeshe tena.

Nani anaihitaji ya umeme?

Mama akaaye nyumbani na mtoto, au afanyaye kazi karibu hata akaweza kuletewa mtoto adhuhuri, aghalabu hana haja nayo. Mkono unamtosha, au pampu ndogo ya kubana kwa mkono.

Wanaoihitaji kweli ni hawa: mama wa mtoto njiti asiyeweza kunyonya, ambaye hupaswa kukamua mapema baada ya kujifungua na kurudia mara 8 au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwamo; mama wa mapacha ambao hawanyonyi vizuri; na mama ambaye kazi yake humweka mbali kutwa nzima na kumpa mapumziko mafupi. Pampu ya umeme inayovuta matiti yote mawili kwa pamoja humaliza kazi kwa robo saa hivi. Akamuaye mara tatu kwa siku huokoa robo saa hadi robo tatu ya saa. Kwa askari aliye zamu, hizo si dakika za kudharau.

Maswali ya kuuliza dukani

La kwanza, umeme wake. Umeme wetu ni wa volti 220 hadi 230. Soma maandishi yaliyo juu ya chaja: ikiwa imeandikwa 100-240V, itafaa hapa, ikiwa imeandikwa 110V au 120V peke yake, itaungua. Tazama pia plagi: soketi zetu ni za pini mbili za duara, na pampu iliyonunuliwa Nairobi, Dar es Salaam au Dubai huenda ikaja na pini tatu za bapa.

La pili, itafanyaje kazi umeme unapokatika? Pampu isiyo na betri ni ya mama mwenye umeme wa hakika. Chagua yenye betri ya kuchajiwa, au itumiayo betri za kawaida. Hata hivyo usisahau ule mkono tulioutaja.

La tatu, kikombe chake cha kuwekea titi. Hili wengi hawalijui. Vikombe vina vipimo vya milimita, na pampu nyingi huja na cha 24, lakini chuchu za wanawake hazifanani. Kikiwa chembamba, chuchu husuguliwa na kuchubuka. Kikiwa kipana mno, hukivuta hata kile kiduara cheusi ndani, na maziwa hayatoki vizuri. Chuchu yapasa kwenda na kurudi katikati bila kugusa kuta. Uliza kama duka lina vipimo vingine.

La nne, je, maziwa yanaweza kuingia katika mpira wa hewa na kufika kwenye mota? Ziko pampu zenye kizuizi kinachotenga maziwa na mashine, nazo ni bora, kwa sababu ndani ya mota hapaoshwi, na ukungu huota humo.

La tano, vipuri. Vali na vile vipande laini vya mpira huchakaa, na vikichakaa pampu hupoteza nguvu. Pampu isiyo na vipuri mjini itakuwa pambo la kabati baada ya miezi michache.

La sita, je, ni mpya? Pampu za nyumbani zimetengenezwa kwa mama mmoja. Kuazimana kunaweza kupitisha vijidudu, hata kama sehemu za nje zimechemshwa. Zile za hospitalini ni namna nyingine: zimeundwa zitumiwe na wengi, kila mama akiwa na vikombe na mipira yake. Ikwepwe pia pampu ya kizamani yenye puto la mpira kama honi ya baiskeli. Puto hilo haliwezi kusafishwa sawasawa.

Mwisho, nguvu ya kuvuta irekebike. Wapo wadhanio kwamba ikivuta zaidi, maziwa yatazidi. Sivyo. Maumivu huzuia maziwa kushuka. Anza chini, panda kidogo kidogo, na simama kabla ya kuumia.

Hesabu ya Kanyosha

Sasa tufanye hesabu. Chukua mfano wa mama askari atokaye Kanyosha saa 11 alfajiri na kurudi saa 11 jioni. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 hunywa kwa kawaida mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima. Kwa saa 12 za mchana, basi, aachiwe mililita 400 hivi. Mama akamue kazini saa 3, saa 6 na saa 9, na maziwa hayo yawe ya kesho.

Lakini tazama joto letu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Bujumbura hupita nyuzi hizo. Maziwa ya saa 3 asubuhi hayawezi kungoja hadi jioni katika mkoba. Yakiwekwa katika kisanduku cha baridi chenye barafu iliyoganda vizuri, hukaa hadi saa 24. Katika jokofu lenye nyuzi 4 hukaa siku 4, na yakigandishwa hukaa vizuri kwa miezi 6, mradi umeme usikatike kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, mama mwenye fedha ya kitu kimoja tu, tunamshauri anunue kwanza kisanduku cha baridi pamoja na vyombo safi vyenye vifuniko. Mkono utakamua bila mashine. Mashine haitayalinda maziwa na joto bila barafu. Wengi hununua pampu ya bei kubwa, kisha humwaga maziwa yaliyochacha.

Usafi na kulisha

Kila baada ya kukamua, sehemu zote zilizoguswa na maziwa zioshwe kwa sabuni na maji safi katika beseni lake peke yake, zisuuzwe, ziachwe zikauke kwa hewa juu ya kitambaa safi. Mara moja kwa siku zichemshwe kwa dakika 5. Mota isitiwe majini kamwe, ifutwe tu.

Maziwa ya baridi yapashwe moto kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya uvuguvugu. Yasiwekwe jikoni juu ya moto. Yaliyogandishwa na kuyeyushwa yatumiwe ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena. Masazo ya mtoto yamwagwe saa 2 zikipita. Yaya afundishwe kumlisha kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketishwa. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa na chuchu yake ya mpira.

Mama asipimie maziwa yake kwa kile kilichotoka katika pampu. Mtoto hujua kunyonya kuliko mashine. Ukitaka kujua kama anashiba, hesabu nepi zake: zilizolowa 6 au zaidi kwa siku ni dalili njema, na mzani wa kliniki ndio hakimu. Tangu 1 Mei 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali, basi asiogope kwenda. Titi likiwa gumu, jekundu, na homa ikampanda, aende siku hiyo hiyo.

Baba na mkuu wa kazi

Chombo hata kiwe bora namna gani, hakifai kitu pasipo nafasi na muda. Mkataba wa kimataifa wa kazi wa mwaka 1919 ulikwisha kutaka mama apewe nusu saa mara mbili kwa siku amnyonyeshe mtoto. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku. Sheria ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba chenye mahali pa kunawa, ubaridi na soketi. Mkuu wa kituo au wa ofisi anaweza kuanza na kidogo: chumba chenye komeo, kiti na ndoo ya maji. Mama asikamue chooni. Hapo hapatayarishwi chakula cha mtu yeyote.

Baba naye ana sehemu yake. Atafute barafu, aoshe vyombo usiku, amwache mama anyonyeshe na kupumzika. Maana maziwa ya usiku na ya alfajiri, mtoto akiwa kifuani, ndiyo yanayouweka mwili katika kazi yake kuliko mashine yoyote.

Mama, usingoje siku ya mwisho ya likizo. Anza kukamua majuma mawili kabla, mara moja kwa siku, baada ya mtoto kunyonya asubuhi, mzoeshe kikombe, mfundishe yaya. Ukifika kazini siku ya kwanza, mikono yako itakuwa imekwisha kuijua kazi, na mwanao atakuwa amekwisha kukijua kikombe chake.