Filta ya Oili Ikikataa Kutoka, Usikimbilie Nyundo



Siku hizi vikundi vingi vina pikipiki. Ingine inabeba maziwa, ingine ni ya wahudumu wa afya, na ingine ni ya boda boda, faida yake ikiingia katika mfuko wa kikundi. Kumwaga oili kuukuu ni kazi ndogo, karibu kila kijana anaiweza. Shida huanza kwenye filta.

Kikundi kimoja ninachokitembelea kilipata pikipiki kubwa iliyotumika, ya silinda mbili. Siku ya kubadilisha oili, filta ilikataa katakata. Kijana mmoja akachukua bisibisi ndefu, akaitoboa kwa nyundo ili apate mahali pa kushika na kuzungusha. Kopo likachanika kama la maziwa ya unga. Kitako kikabaki kwenye injini. Akaleta tindo, tindo ikateleza, ikachimba ule uso wa injini ambapo raba ya filta hukaa. Filta mpya ilipofungwa, oili ikawa inavuja tu. Kusawazisha uso huo kulimaliza pesa ambazo mweka hazina alikuwa ameweka kando kwa ajili ya mbegu. Nilikuwepo, na mimi pia sikusema kitu, kwa sababu wakati huo sikujua.

Kwanza, jueni filta yenu ni ya aina gani. Pikipiki nyingi ndogo hazina filta ya kopo. Honda CG125, kwa mfano, ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka ndani ya injini na kutenga uchafu. Zingine zina filta ya karatasi nyuma ya kifuniko chenye bolti ndogo. Kifuniko kikigoma, hesabu bolti tena, huenda moja haijatoka. Ninayozungumzia hapa ni ile ya kopo la chuma linalofungwa kwa kuzungushwa, kama ya gari. Iko kwa pikipiki nyingi kubwa, na kwa jenereta nyingi pia.

Kwa nini inashikana? Mara nyingi ni kwa sababu aliyeifunga mara ya mwisho alitumia spana na nguvu zake zote, na tena aliifunga raba ikiwa kavu. Joto la injini likaipika ile raba mpaka ikagandamana na chuma. Ikiachwa muda mrefu kupita kiasi bila kubadilishwa, inazidi.

Sasa, tufanyeje? Washa injini dakika chache ipate joto kidogo, raba ilegee na oili iwe nyepesi. Isiwe moto, maana bomba la moshi mara nyingi liko karibu na filta na litakuunguza mkono. Zima, mwaga oili kwenye karai, halafu inama utazame filta kutoka upande wa kitako chake, yaani ule mwisho uliofungwa. Ukiangalia hivyo, inafunguka kwa kuzungusha kuelekea kushoto. Msicheke. Filta ikiwa chini au mbele ya injini, mtu anayeishika akiwa juu ya pikipiki huchanganyikiwa upande, na nimeona watu wawili wazima wakisaidiana kuikaza huku wakidhani wanaifungua.

Pangusa kopo mpaka oili yote itoke, pangusa na mikono. Zungushia kipande cha msasa, upande wa kukwaruza ukigusa kopo, au mpira wa tyubu kuukuu, kisha jaribu kwa mkono. Filta zingine zinaachia hapo hapo.

Ikikataa, kuna kofia ya chuma inayoingia juu ya filta na kuzungushwa kwa spana. Hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Filta nyingi za pikipiki za Kijapani zinachukua kofia ya milimita 65 yenye pande 14, lakini msinunue kwa kukisia. Nendeni dukani na filta mkononi. Kofia moja inaweza kununuliwa na vikundi vitatu na kuzungushwa.

Kama hakuna kofia, tafuteni klipu kubwa ya chuma ya kukaza paipu, ile yenye skrubu. Ivishe kopo karibu na injini, kwa sababu hapo kopo ni gumu, katikati litabonyea. Kaza sana. Halafu gonga kile kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo, kuelekea ule upande wa kufungua. Ni kugonga kidogo kidogo, kama anayepasua njugu. Mshipi wa ngozi au mnyororo wenye mpini pia husaidia, ukishika mahali pale pale.

Bisibisi iwe ya mwisho kabisa, na kamwe usitoboe kabla filta mpya haijafika mkononi, kwa sababu ikishatobolewa pikipiki hiyo haitembei tena. Usipige karibu na injini wala katikati: ndani kuna bomba fupi lenye nyuzi ambalo filta imefungwa juu yake, na hilo likiharibika ni hasara kubwa. Kopo likichanika, simameni hapo. Kitako kilichobaki kinaweza kutolewa kwa koleo au kwa kugongwa ukingoni pole pole, lakini hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu.

Ikishatoka, angalia raba. Wakati mwingine kopo hutoka na raba ya zamani ikabaki imeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, raba mbili zitateleza na oili itamwagika njiani, na injini iliyokauka oili haichukui muda kufa. Pitisha kidole, ondoa kila kitu, pangusa kwa kitambaa safi. Raba mpya ipake oili mbichi kwa kidole. Zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza kiasi kilichoandikwa kwenye boksi au kwenye filta yenyewe. Nyingi husema karibu robo tatu ya mzunguko. Mtu mwenye misuli asiongeze yake.

Jaza oili, washa injini dakika moja au mbili mkichungulia kama panavuja. Zima, ngoja kidogo, pima oili tena, kwa sababu filta mpya nayo imekunywa yake. Andikeni tarehe na kilomita kwenye kopo. Oili chafu iende kwa mtungi mpaka gereji inayoikusanya, si kwa mtaro unaoteremka kisimani.