Maandamano ya Ngoma na Dhamiri ya Mkristo: Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora hadi Uwanja wa Bulabo

Utangulizi

Kila mwaka mavuno yanapokwisha kuingia ghalani, wachungaji wanaofanya kazi katika Unyamwezi na Usukuma hukutana na swali lile lile. Vikundi vya ngoma vinajiandaa, wachezaji wanashona mavazi, na kati yao wamo vijana waliobarikiwa kwa Kipaimara katika sharika zetu. Je, Mkristo aandamane? Na akiandamana, baraza la wazee limfanye nini?

Swali hili tunaliuliza tukiwa na deni. Miaka iliyopita tulikaa katika baraza la wazee wa usharika mmoja, ambao hatutautaja, lililomwita kijana aliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya. Kosa lake lilikuwa kuonekana uwanjani akicheza na kikundi cha ngoma za asili. Tulimtenga na Meza ya Bwana kwa miezi sita. Hatukumwuliza kikundi kile kinaamini nini, wala kama alikula dawa yoyote, wala wimbo aliouimba ulisema nini. Tulimwuliza tu kama alikuwapo, naye akakiri. Miezi sita ilipokwisha hakurudi, na hadi leo hajarudi. Makala hii ni jaribio la kuuliza yale ambayo tungepaswa kuuliza siku ile.

Msafara kama maandamano

Mji wa Tabora, uliojulikana kwa wasafiri wa kale kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, ulikua kwa sababu ya njia. Kutoka Bagamoyo hadi hapo ni mwendo wa kilomita zipatazo 800, kupitia Ugogo na Mgunda Mkali. Kutoka hapo njia iliendelea magharibi hadi Ujiji, na nyingine ikapanda kaskazini. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga na bunduki zilipanda bara.

Burton, aliyefika Kaze mwezi wa Novemba 1857, ametuachia maelezo ya jinsi msafara ulivyopangwa. Mbele alikwenda kirangozi, amevaa nguo nyekundu na kilemba cha ngozi ya mbega au manyoya ya ndege, akifuatwa na bendera na ngoma. Nyuma yake walikuja wachukuzi wa pembe, na pembe kubwa ilifungwa kengele ya ng'ombe kwenye ncha yake. Baada yao wakafuata wachukuzi wa nguo na shanga. Msafara ulipokaribia mji, watu walivaa nguo zao nzuri kuliko zote, bunduki zikapigwa hewani, baragumu zikalia, na wenyeji wakatoka kuwalaki.

Ni vema msomaji atambue kwamba wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliopatana ujira, na wengi wao walirudi nyumbani kulima. Kijana asiyewahi kuiona pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima sawasawa. Kwa hiyo kuingia mjini kwa nyimbo na bendera kulikuwa tangazo la watu waliokwenda mbali na kurudi wakiwa hai. Hata hivyo, katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa shingoni kwa minyororo. Hao hawakuwa na ngoma wala kilemba, na jambo hili tutalirudia.

Maandamano mengine yalipita Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wakiubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo. Mwingereza Cameron, aliyekutana nao hapo, aliwashauri wauzike. Wakakataa. Kwa kuwa iliogopwa kwamba wenyeji wa njiani wangezuia maiti isipite, waliufunga mwili ule uonekane kama mtumba wa nguo, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 1,500. Urithi wa njia ya Tabora, basi, una shangwe, una minyororo, na una uaminifu wa watu wasio na cheo. Anayetaka kuusherehekea hana budi kuuchukua wote.

Kutoka Beni hadi matamasha ya leo

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ikakomesha safari ndefu za wapagazi. Lakini maandamano hayakukoma, yalibadili vazi. Katika miji ya pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1890, vijana walikuwa wameanza ngoma ya Beni, iliyoiga bendi na gwaride la Wazungu. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza Beni pamoja na askari na wapagazi hadi miji ya bara. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, mwendo na ukarimu, huku viongozi wao wakijipa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Serikali za kikoloni ziliwatazama kwa mashaka, na wamisionari wengi waliona humo majivuno na ulevi tu. Wachache waliona kwamba watu walionyimwa vyeo vya kweli walikuwa wakisaidiana, wakizikana, na kujipa heshima.

Siku hizi taifa lenyewe limeyapokea maandamano haya. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, kimekuwa na tamasha lake la kila mwaka, pale pale ambapo misafara ya Tabora iliishia. Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004 hufunguliwa kwa maandamano ya mitaani. Na tarehe 8 Septemba 2021, katika tamasha la utamaduni huko Kisesa, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa Chifu Hangaya. Mchungaji anayedhani kwamba ngoma za asili zitakufa zenyewe, na swali life pamoja nazo, anajidanganya.

Bulabo: sherehe iliyotoka kanisani

Mfano ulio karibu nasi zaidi, na wenye mafundisho mengi kwa mwanafunzi wa theolojia, ni Bulabo, katika parokia ya Kikatoliki ya Bujora, karibu na Kisesa. Neno hilo kwa Kisukuma lina maana ya maua. Sherehe hii ilikua katika miaka ya 1950 chini ya Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambaye pia ndiye mwanzilishi wa Makumbusho ya Wasukuma mahali hapo. Asili yake ni siku kuu ya Mwili wa Kristo, ambapo Sakramenti hutembezwa kwa maandamano na maua kutupwa njiani. Baada ya ibada, watu huelekea uwanjani, na mashindano ya ngoma huendelea kwa siku nyingi.

Washindani wakuu ni Bagika na Bagalu, vyama vinavyojihesabu kuwa vimetokana na wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Ndiyo sababu wachezaji hubuni mambo mapya kila mwaka: Bayeye hucheza na nyoka, Bagobogobo hurusha majembe. Na ndiyo sababu dawa za mvuto, ziitwazo samba, zimekuwa sehemu ya mashindano haya tangu zamani. Kila chama husifu dawa yake na kuogopa ya mwenzake.

Padre Clement hakuifukuza ngoma. Aliiita ije karibu na kanisa, akajenga kanisa la mviringo lenye alama za utemi wa Kisukuma, ili Kristo aonekane kuwa Mtemi. Hatuwezi kukana ujasiri wake. Lakini je, ngoma ilipofika mlangoni mwa kanisa, dawa ilibaki nyuma? Wanaojua uwanja watajibu kwamba wengine waliiacha na wengine waliingia nayo.

Augsburg, 1530

Mlutheri anayesimama Bujora ana sababu ya pekee ya kutafakari. Tarehe 15 Juni 1530 Kaisari Karolo wa Tano aliingia Augsburg, na kesho yake ikawa siku kuu ya Mwili wa Kristo. Aliwaamuru wakuu wa Kiinjili waandamane naye nyuma ya Sakramenti. Walikataa. Siku chache baadaye Ungamo lao lilisomwa mbele yake, na katika sehemu ya 22 wakaeleza kwamba waliyaacha maandamano hayo kwa kuwa kuigawa Sakramenti hakupatani na agizo la Kristo.

Tuangalie kwa makini walikataa nini. Hawakusema kwamba kutembea kwa pamoja ni dhambi, wala kwamba maua, bendera au vinanda ni machukizo. Walikataa mambo mawili: kwanza, Sakramenti iliyotolewa iliwe na kunywewa kugeuzwa kuwa kitu cha kutembezwa na kutazamwa, pili, dhamiri kulazimishwa kwa amri ya mtawala katika jambo la imani. Ungamo lile lile, katika sehemu ya 7, linafundisha kwamba umoja wa kweli wa Kanisa hautegemei taratibu za kibinadamu zilizo sawa kila mahali. Nayo Kanuni ya Mapatano ya 1577, katika sehemu ya 10, inashika pande zote mbili: mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala kuyakataza yako katika uhuru, lakini mtu akilazimishwa kuyafanya kama sharti la imani, hapo asikubali.

Kutokana na hayo tunapata kanuni inayokata pande mbili. Kijana akilazimishwa na kikundi chake kuchanjwa dawa au kuchangia tambiko ili aruhusiwe kucheza, wakati wa kuungama umefika, naye aseme hapana. Lakini wazee wa Kanisa wakimlazimisha mtu kuiacha ngoma ambayo Neno halikuikataza, wao nao wamekaa katika kiti cha Karolo.

Maswali manne ya kuuliza

Kwa hiyo, badala ya swali moja tulilouliza siku ile, tunapendekeza manne.

Kwanza: moyo unategemea nini? Luther, akifafanua amri ya kwanza katika Katekisimu Kubwa, anafundisha kwamba kile ambacho moyo hukitegemea ndicho mungu wa mtu. Mchezaji anayeamini kwamba umati utamjia kwa sababu ya samba amekwisha kupata mungu mwingine, hata kama anaimba wimbo wa kanisani. Anayetegemea mazoezi yake na kumshukuru Muumba kwa miguu yake hajatenda kosa. Daudi alicheza mbele ya Sanduku (2 Sam. 6), na aliyemdharau ndiye aliyekemewa.

Pili: jirani anajengwa au anabomolewa? Nyimbo za mashindano zinaweza kuwa mafumbo ya kuchekesha. Zinaweza pia kuwa matusi yanayoacha uadui vijijini. Ulevi na uasherati wa usiku wa ngoma havisafishwi kwa kuitwa utamaduni.

Tatu: ndugu aliye dhaifu ataumia? Wako Wakristo waliotoka katika Baswezi na vyama vingine vya mizimu, ambao mlio wa ngoma fulani huwarudisha walikotoka. Paulo anatuagiza kuwahurumia (1 Kor. 8). Kwao tujizuie kwa upendo. Lakini udhaifu wao tusiufanye kuwa sheria ya Kanisa zima.

Nne: nani hayumo katika maandamano? Nabii Amosi alizikataa sikukuu na nyimbo za watu waliosahau haki (Amosi 5). Tamasha la njia ya misafara linalomwonyesha kirangozi na bendera yake, na kumficha mtumwa na mnyororo wake, ni urithi uliokatwa nusu. Hapa Kanisa lina neno la kuchangia, kwa maana tunamhubiri Bwana aliyeandamana akiwa amebeba msalaba.

Hitimisho

Chuo cha Makumira kilichapisha mwaka 1968 mkusanyo wa Tumwimbie Bwana, uliotayarishwa na Howard Olson, ambamo tuni za Kiafrika zilipewa maneno ya Injili. Nyimbo hizo zimevuka bahari, nasi tunajivunia. Lakini hatuwezi kuipokea tuni na kumfukuza mwenye ngoma. Kama sauti ya uwanjani inafaa kumsifu Mungu, basi aliyejifunza kuipiga huko uwanjani anastahili kuulizwa kwa subira kabla ya kuhukumiwa.

Tunawasihi wachungaji wenzetu, hasa mnaotumwa magharibi, mwende uwanjani kabla ya msimu kuanza. Kaeni na viongozi wa vikundi, sikilizeni nyimbo, ulizeni habari za dawa waziwazi. Wafundisheni vijana wa Kipaimara maswali haya manne, ili wajihukumu wenyewe kabla ya kuhukumiwa na baraza. Kanuni za nidhamu zibaki, bali zitumike kwa kosa lililojulikana, si kwa mlio uliosikika kwa mbali.

Kijana wetu aliyeondoka angali anapiga ngoma. Tumemwona, amezeeka kidogo, akiongoza kikundi. Tulimsalimu, akaitikia kwa heshima, akatupisha tupite. Hatujapata bado ujasiri wa kumwomba radhi. Labda kuandika haya ni hatua ya kwanza, na msimu ujao wa mavuno tutakwenda kumsikiliza.